Krimu ya Kichina kwenye Ngozi ya Mtoto wa Ufipa

Krimu inayotuliza pumu ya ngozi ya mtoto kwa siku tatu, ikauzwa bila orodha ya vilivyomo, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na steroidi, dawa ya hospitali inayotuliza muwasho, ndani yake. Nalisema hili mapema kwa sababu msimu wake ndio huu. Mvua zikishakatika mwezi Mei, uwanda wa Ufipa, huku Rukwa, hukauka haraka. Juni na Julai upepo wa baridi huvuma Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi huohuo huwakuta watu wa Laela na Namanyere. Ngozi za watoto hupauka, hupasuka, huwasha. Ndipo mzazi anapoambiwa na jirani yake: kuna dawa ya Kichina, wewe mpake tu.

Nimetibu magonjwa ya ngozi kwa muda wa kutosha kujua kwamba jirani huyo hasemi uongo. Mtoto wake alipata nafuu kweli, na kila mtu pale mtaani aliona. Ninachotaka tukitazame kwa makini ni kile kilichompa nafuu, na kile kilichobaki mwilini mwake baada ya hapo.

Pumu ya ngozi hutembea katika ukoo, mara nyingi pamoja na pumu ya kifua na mafua ya mzio. Mtoto huzaliwa na ngozi iliyopungukiwa: seli za tabaka la juu zimepangwa kama tofali za ukuta, lakini mafuta yanayopaswa kuzishikanisha ni haba. Maji ya mwili hupotea kupitia nyufa hizo, na vinavyowasha vikaingia kwa njia hiyohiyo. Kinga ya mwili hushtuka kupita kiasi, muwasho huanza, mtoto hujikuna, kucha zinafungua ngozi, bakteria wanapata mlango, na muwasho unazidi. Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na damu chafu, ingawa maneno hayo nayasikia kila siku, wala mama hajakosea chochote wakati wa ujauzito.

Kwenye ngozi nyeusi haufanani na picha za vitabu vilivyoandikwa Ulaya. Huko wanatafuta wekundu. Kwetu utaona vipele vidogo vilivyosongamana, ngozi ya kijivu iliyokauka, kisha unene kama wa gamba kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na kwenye vifundo vya miguu. Ukipoa huacha madoa meusi au meupe yanayokaa miezi, na mara nyingi madoa hayo ndiyo yanayomkosesha mzazi usingizi kuliko muwasho wenyewe. Jambo hili ni zito kibiashara, kwa kuwa dawa inayopunguza muwasho na papo hapo kung'arisha ngozi hujiuza yenyewe.

Mazingira ya uwanda nayo yana mchango wake. Baridi inawafanya watu waoge maji ya moto mno, na sabuni iliyopo nyumbani mara nyingi ni ya mche, iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo. Sweta la sufu huvalishwa moja kwa moja juu ya ngozi. Jiko la mkaa huingizwa ndani. Ukiteremka bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, Muze au Mtowisa, ukavu hupungua, lakini joto na jasho huwasha kwa namna yake. Kwa hiyo familia inayopanda na kushuka inaweza kudhani mtoto amepona au amerogwa, kumbe hali ya hewa imebadilika.

Sasa China. Madaktari wake wa kwanza walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Mwaka 1987 serikali ya Tanzania na ya China zilianza mradi wa pamoja katika Hospitali ya Muhimbili wa kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI kwa dawa za asili za Kichina, wakati ambapo dunia haikuwa na dawa nyingine ya kutegemewa. Miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, zahanati binafsi za Kichina zikaenea Dar es Salaam. Mtafiti Elisabeth Hsu, aliyefuatilia wagonjwa wa zahanati hizo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2002, alieleza kilichowavutia: watu waliamini kwamba dawa ya China inafanya kazi haraka. Hawakuja kwa sababu ya falsafa ya kale ya Mashariki. Walikuja kwa sababu ya kasi, na walipewa vidonge vilivyokwisha kutengenezwa kiwandani, vya kumeza na kuondoka.

Imani hiyo ya kasi ndiyo iliyosafiri mpaka kwetu. Nayo iko mbali mno na tiba ya asili ya China inavyofanywa kwao. Huko tabibu huutazama ulimi wa mgonjwa, huyasikiliza mapigo kwenye kifundo cha mkono, kisha huchanganya mizizi, magome na majani ya mimea kumi hivi kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Mgonjwa huenda kuvichemsha kwa muda mrefu, hunywa maji yake machungu kila siku, na kurudi baada ya wiki kadhaa ili mchanganyiko urekebishwe. Tyubu ndogo ya krimu inayouzwa stendi ya mabasi haina uhusiano na kazi hiyo zaidi ya maandishi yaliyoko kwenye boksi.

Je, hayo maji machungu yenyewe yanatibu? Swali hili limepimwa kwa haki, na historia yake inastahili kusimuliwa. Miaka ya 1980 madaktari wa ngozi wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wao sugu walikuwa wakirudi kliniki wakiwa na nafuu kubwa. Walipouliza, waliambiwa kuhusu Ding-Hui Luo, tabibu wa Kichina wa palepale London. David Atherton na Mary Sheehan hawakudharau habari hiyo, wala hawakuimeza nzima. Waliandaa mchanganyiko mmoja wa mimea 10 kwa ajili ya pumu ya ngozi kavu isiyotoa majimaji, wakatengeneza na mchanganyiko mwingine wenye ladha inayofanana lakini usiotarajiwa kutibu, na kuwapa watoto 47 yote miwili kwa zamu, wiki 8 kila mmoja. Watoto 37 walifika mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992: kwa mtoto wa katikati katika orodha, wekundu ulipungua kwa asilimia 51 alipotumia mimea halisi, na kwa asilimia 6 tu alipotumia ile ya kulinganishia. Mwaka huohuo jaribio la watu wazima 40 lilionyesha mwelekeo uleule.

Katika mimea hiyo 10 kulikuwa na mbigili. Ndiyo, mbigili hii tunayoijua, mmea unaotambaa chini wenye miiba inayochoma nyayo na kutoboa tairi za baiskeli. Kulikuwa na mzizi wa urukususu pia, na huo una jambo la kutufundisha: kemikali yake kuu inazuia kimeng'enya ambacho mwili hutumia kuidhoofisha homoni yake ya kortisoli. Maana yake ni kwamba mmea unaweza kuipa nguvu steroidi ya mwili wenyewe. Ukinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu, unapandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Mtu anayesema mitishamba haina madhara kwa kuwa ni mitishamba hajakutana na urukususu.

Na habari haikuishia kwenye furaha ya mwaka 1992. Watoto wale walipoendelea kufuatiliwa kwa mwaka mzima, wengi waliacha, baadhi kwa sababu ya ladha na usumbufu wa kuandaa dawa kila siku, na wawili vipimo vyao vya ini vilipanda. Wataalamu wa Hong Kong, mji ambao tiba hii ni ya nyumbani, waliupima mchanganyiko uleule kwa wagonjwa 40 na kuchapisha mwaka 1999 kwamba hawakuona faida yake. Mwaka 2007, palepale Hong Kong, vidonge vya mimea mitano vilijaribiwa kwa watoto 85. Ukali wa ugonjwa haukutofautiana na wa kundi la kulinganisha, ila watoto walipunguza matumizi ya krimu za steroidi kwa theluthi moja hivi na waliishi kwa raha zaidi. Mwaka 2013 jopo la Cochrane, linalochambua majaribio ya tiba, lilikusanya majaribio 28 yenye washiriki 2,306 na kuhitimisha kwamba ushahidi uliopo haujatosha kuthibitisha kuwa dawa hizi zinapunguza pumu ya ngozi, kwa sababu majaribio mengi yalifanywa kwa ubora hafifu.

Hukumu yangu kuhusu mimea yenyewe ni hii: ina kitu ndani yake. Kitu hicho hakijatosha kuwa dawa ya kumwandikia mtoto, na kinahitaji damu ipimwe ini mara kwa mara. Mahali ambapo kipimo hicho kinamlazimu mama kusafiri kutoka Mtowisa hadi mjini, sitamshauri mtu aanze.

Nimekaa sana kwenye majaribio hayo kwa sababu wauzaji huyatumia, wakijua au bila kujua. Husema Wazungu wameipima dawa hii wakakubali. Kilichopimwa Great Ormond Street kilikuwa maji ya kunywa, machungu, yaliyofanya kazi polepole kwa wiki nyingi. Hakuna krimu iliyopimwa pale.

Krimu zilipimwa kwingine, na majibu yake yanatisha. Mwaka 1999 madaktari wa King's College Hospital, London, walichukua krimu 11 za mitishamba ya Kichina ambazo wagonjwa wao walikuwa wakizitumia kwa magonjwa ya ngozi na kuzipeleka maabara. Krimu 8 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi ya hospitali iliyotengenezwa kiwandani, kuanzia mikrogramu 64 hadi 1,500 kwa kila gramu. Wagonjwa walikuwa wakizipaka usoni na kwenye mikunjo, sehemu ambazo ngozi ni laini na hunyonya dawa kwa wingi. Mwaka 2003 wenzao wa hospitali ya watoto ya Birmingham walipima krimu 24 za mitishamba zilizokuwa zikisifiwa kwa pumu ya ngozi. Krimu 20 zilikuwa na steroidi, nyingi zikiwa kali, na baadhi zilikuwa na klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa. Wazazi waliokuwa wakizitumia walizipenda kwa kuwa ni za asili, nao walikuwa wakiikimbia steroidi ya daktari.

Steroidi yenyewe siishtaki. Naiandika kila wiki. Haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa mtoto, kwa siku chache, kisha mafuta, ni tiba njema na ya bei nafuu. Shida inaanza pale mzazi asipojua kwamba anapaka steroidi. Hajui nguvu yake, hajui siku za kuacha, na hawezi kumwambia tabibu anayefuata. Klobetasoli ikipakwa usoni na mwilini mwa mtoto kwa miezi, ngozi hukonda mpaka mishipa inaonekana, vinyweleo na chunusi huota mahali pasipo pake, michirizi hubaki mapajani na kwapani moja kwa moja. Ikiingia mwilini kwa wingi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza kortisoli, mashavu yanajaa huku urefu ukisimama. Akina mama huleta watoto wa namna hii kliniki wakiwa na shangwe. "Daktari, muone alivyonenepa tangu ile dawa." Kumjibu mama huyo bila kumvunja moyo ni kazi ngumu.

Kuna hasara nyingine inayotuhusu zaidi sisi tunaokaa na watoto wenye mapunye na upele. Krimu hiyohiyo ikipakwa juu ya fangasi, muwasho hutulia huku fangasi akitambaa chini kwa chini. Doa la duara lenye ukingo ulio wazi hupoteza umbo, na mtoto anapofika hospitali hata mtaalamu anapata taabu kulitambua. Upele nao hupozwa bila kuuawa, ukaingia kwa ndugu wote wanaolala kitanda kimoja.

Na kwa wanaokunywa mitishamba isiyojulikana, figo ndizo zinazolipa. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliopewa mchanganyiko wa kupunguza unene walianza kuharibikiwa figo, na idadi yao ikapita 100. Mmea mmoja ulikuwa umechukuliwa mahali pa mwingine: Aristolochia, wenye asidi inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Mwaka 1999 jarida la Lancet liliandika kuhusu wagonjwa wawili wa Uingereza waliopoteza figo kwa sumu hiyohiyo, na wote wawili walikuwa wakitibiwa pumu ya ngozi.

Ufipa ina sababu ya pekee ya kulichukulia hili kwa uzito. Jina la Sumbawanga linabeba sifa ya tiba asili Tanzania nzima, kiasi kwamba mtu wa Dar es Salaam akitaka kuvuta wateja huandika kwenye bango lake kwamba ametoka Sumbawanga. Watu waliokulia katika imani hiyo hawashangai kusikia kwamba mzizi unaponya, na hawana sababu ya kushangaa, kwa maana mizizi huponya. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliifanya kuwa tiba ya kwanza kuanzia mwaka 2006, ina dawa iliyotokana na mmea ambao Tu Youyou aliufuatilia katika kitabu cha tabibu wa Kichina wa karne ya 4. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kati ya kitabu kile na kidonge hiki kuna miaka ya kuchuja, kupima kiasi, kuwajaribia wanyama, na hata watafiti kujinywesha wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Tyubu ya stendi haijapitia hata hatua moja ya hizo.

Waganga wa uwandani nawaheshimu, na nawaomba wapokee kipimo hichohicho. Mshubiri na mwarobaini hupakwa sana huku. Mshubiri hupoza ngozi ya baadhi ya watu, na mwarobaini uliokolea unaweza kuchoma ngozi iliyokwisha kuchubuka. Nchi ina Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, kazi iliyoanza mwaka 1974, na ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inayotaka mtoa tiba asajiliwe na dawa yake isajiliwe. Mganga mwenye dawa ya ngozi anayoiamini ana mahali pa kuipeleka. Muuza tyubu pia.

Wakati huo huo ngozi ya mtoto inataka mafuta, na mengi. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, yapakwe ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu, mara mbili au zaidi kwa siku, hata siku ambazo haiwashi. Maji yawe vuguvugu. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo. Ndani ya sweta atangulie kuvaa pamba. Kucha zikatwe fupi. Kwa anayeuliza kuhusu mafuta yetu wenyewe, alizeti inayolimwa huku Rukwa ina sifa njema: Bangladesh, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, watoto njiti waliopakwa mafuta ya mbegu za alizeti walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu, na watafiti wa Sheffield mwaka 2013 waliona kwamba mafuta ya alizeti hayaharibu utando wa ngozi, wakati ya zeituni yanauharibu. Yawe yamechujwa vizuri na yasiwe yamekaangiwa. Na nisizidishe ahadi: jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2020 lilionyesha kuwa kumpaka mafuta mtoto mchanga kila siku hakuzuii pumu ya ngozi isimpate. Mafuta yanasaidia aliyekwisha kuipata.

Kama mtoto wako amekuwa akipakwa krimu ya namna hii kwa majuma mengi, usiiache ghafla na usiitupe. Muuguzi au tabibu anahitaji kuiona pamoja na boksi lake. Kuacha ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa kwa ukali kuliko mwanzo, na mtoto aliyenyonya steroidi nyingi anaweza kuishiwa nguvu vibaya akipata homa au kutapika. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya mkoa. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu kazi hii, ili mgonjwa wa mkoani asilazimike kuwafuata Moshi.

Neno langu la mwisho ni kwa mamlaka. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya kanda Mbeya, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi mjini humohumo. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ipo. Naziomba taasisi hizi zitume maofisa wao wanunue tyubu hizi kama wanunuavyo wananchi, sokoni Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere, wazipime steroidi, na watangaze majibu kwa jina la kila bidhaa kwenye redio za mkoa kabla ya baridi ya Juni ijayo.